FileZilla kwa mtu wa bando: uzoefu wangu

FileZilla ni programu ya kupeleka faili za tovuti kutoka kompyuta yako hadi kwenye seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti mtandaoni. Sehemu yake ninayoipenda zaidi iko chini kabisa ya dirisha, mahali ambapo wengi hawatazami: foleni ya faili. Ina vichupo vitatu, cha faili zinazosubiri, cha zilizogoma na cha zilizofika salama. Mwenye intaneti isiyokatika huenda asione maana yake. Mimi ninawatengenezea wafanyabiashara wadogo tovuti hapa Nairobi, mara nyingi kwa hotispoti ya simu nikiwa dukani kwa mteja, na foleni hiyo ndiyo inayoniokolea bando.

Chukua kazi ya duka moja la vipuri vya magari pale Kirinyaga Road. Mwenye duka alitaka kila kipuri kiwe na picha yake, na vipuri vyake ni mamia. Tukiwa katikati ya kupakia, stima ikapotea jengo zima. Ruta yao ikazima. Kompyuta yangu ina betri, kwa hivyo nikahamia kwenye simu. Kufikia hapo FileZilla ilikuwa imejaribu kuunganisha tena, ikashindwa, ikazipeleka picha kadhaa kwenye kichupo cha zilizogoma. Niliporudi hewani nikazichagua zote, nikazirudisha kwenye foleni, safari ikaendelea. Kwa ile iliyokatika nusu, programu iliuliza: niiandike upya, niiruke, au niendelee ilipoishia? Nikaendelea ilipoishia.

"Sasa kijana, zimeingia zote ama unanipima?"

"Zimeingia, mzee wangu. Tazama hapa, zilizogoma hakuna."

Akatazama, akarudi kuhudumia wateja wake.

Kwa asiyeijua: ni programu ya bure, msimbo wake uko wazi, na Mjerumani Tim Kosse na wenzake waliianza mwaka 2001. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kushoto unaona folda za kompyuta yako, kulia unaona za seva. Unaburuta kutoka kushoto kwenda kulia, kwa kawaida hadi ndani ya folda inayoitwa public_html, na tovuti iko hewani. Sura yake ni ya kizamani, sitabisha. Lakini haijahamisha vitufe kila mwaka kama programu nyingine, na kwangu hilo ni sifa.

Zamani ungeweza kufungua seva ya FTP, ule utaratibu wa zamani wa kuhamisha faili mtandaoni, kwa kivinjari na kuona faili. Chrome na Firefox zote ziliondoa uwezo huo mwaka 2021, kwa hivyo programu ya kando ni lazima, au utumie ukurasa wa kusimamia faili unaotolewa na kampuni inayohifadhi tovuti yako.

Kuhusu FTP yenyewe nina neno. Chimbuko lake ni mwaka 1971, wakati mtandao ulikuwa wa watafiti wachache, na katika hali yake ya asili hupeleka nenosiri likiwa wazi kabisa. Ukiwa kwenye wifi ya mkahawa, aliye na nia mbaya kwenye mtandao huohuo anaweza kulisoma. Kama seva yako inaruhusu SFTP, njia nyingine ya kuhamisha faili inayoficha kila kitu njiani, tumia hiyo, poti 22 (namba ya mlango wa seva). Vifurushi vingi vya bei nafuu vya kuhifadhi tovuti havitoi SFTP. Hapo hakikisha muunganisho wa FTP unatumia TLS, ulinzi unaoficha data njiani. FileZilla yenyewe huanza kwa kuomba TLS kama seva inayo, lakini seva isipokuwa nayo inakuachia uamuzi wa kuendelea bila ulinzi. Mimi hapo hubadilisha kifurushi cha mteja, si tabia yangu.

Sasa lawama. Kisakinishi kikuu cha Windows huweza kuja na matangazo ya programu nyingine, na mtu mwenye haraka anabofya "ndiyo" mpaka mwisho. Kwenye ukurasa wa kupakua kuna njia nyingine ya kupata kisakinishi kisicho na matangazo, ila imefichwa chini ya kiungo kidogo. Programu ya heshima hii haikustahili kuingia nyumbani kwa watu na mizigo ya wengine.

Ya pili ni maneno ya siri. Ukihifadhi anwani za seva ndani ya Site Manager, nenosiri hukaa kwenye faili ya kawaida, na usipoweka nenosiri kuu, lile linalofunga mengine yote, haliko salama: limeandikwa kwa mtindo ambao yeyote anaweza kuufungua kwa sekunde. Nenosiri kuu liliongezwa mwaka 2017, na ni juu yako kuliwasha. Kwa kompyuta ya saiba, usihifadhi chochote. Iambie iulize nenosiri kila mara.

Mahali inapochosha kabisa ni kwenye faili ndogo nyingi. WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, ina maelfu ya faili, na kila moja inahitaji mazungumzo yake na seva. Seva ikiwa Ulaya au Marekani, muda mwingi unaishia kwenye kusubiri majibu, hata kama intaneti yako ina kasi. FileZilla huanza na faili mbili kwa pamoja na inaruhusu hadi 10, ila seva nyingi zina kikomo cha miunganisho na zitakufungia mlango ukizidisha. Kwa kazi kama hiyo mimi hufunga kila kitu kwenye zipu moja, naipeleka hiyo, kisha naifungulia hukohuko kupitia cPanel, ukurasa wa kusimamia tovuti kwenye seva. FileZilla haiwezi kufungua zipu ndani ya seva, usiitafute hiyo kazi.

Pia kuna suala la saa. Programu inaweza kuandika juu ya faili ikiwa tu ya kwako ni mpya zaidi, jambo zuri sana unaposasisha tovuti. Lakini Nairobi tuko saa 3 mbele ya UTC, saa ya kimataifa, na seva fulani huonyesha saa za kwao. Faili uliyoirekebisha sasa hivi inaweza kuonekana nzee. Kwenye mipangilio ya tovuti husika kuna nafasi ya kurekebisha tofauti hiyo. Ukipuuza, utabaki unapakia upya kurasa usione mabadiliko. Kama picha haionekani ilhali imefika, angalia herufi: kwenye Windows Nembo.PNG na nembo.png ni kitu kimoja, kwenye seva ya Linux ni faili mbili tofauti. Hilo si kosa la FileZilla.

Kuna toleo la kulipia, FileZilla Pro, linalounganisha na hifadhi za wingu kama Amazon S3 na Google Drive. Wateja wangu wana public_html na bei za vipuri zinazobadilika kila wiki, kwa hivyo sijalinunua.