Hilux ya dizeli iliyotumika: kagua fremu kabla ya kufungua boneti

Toyota Hilux ya kizazi cha saba, ambayo uzalishaji wake ulikoma mwaka 2015, bado inatafutwa sana na wakulima wa Njoro, Molo na Mau Narok pamoja na wafanyabiashara wa mjini Nakuru. Inastahili kutafutwa, kwa kuwa vipuri vyake vinapatikana kwa urahisi, mafundi wanaifahamu, na ile yenye kabini mbili hubeba familia na mzigo kwa safari moja. Hata hivyo, Kenya hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari lililozidi umri wa miaka minane, kwa hiyo kila Hilux ya kizazi hiki inayouzwa leo imekwisha kufanya kazi kwenye barabara zetu kwa miaka mingi, na mnunuzi hurithi yote iliyoyapitia.

Wanunuzi wengi huanza na injini. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho, kwa sababu injini iliyochoka hutengenezwa au hubadilishwa, ilhali fremu iliyopinda au kuliwa na kutu haina tiba ya kuaminika. Omba gari liingizwe juu ya shimo la gereji, na uende na fundi wako mwenyewe, wala si yule aliyeletwa na broka. Kabla ya kuingia chini, simama ubavuni na utazame mwanya ulio kati ya kabini na bodi ya mizigo: upana wake unapaswa kulingana juu na chini. Ukipanuka juu na kubana chini, bodi imeinamia nyuma, na huenda fremu imepinda kwa kubebeshwa magunia ya viazi kupita kiasi, hasa mzigo ulipopangwa nyuma ya ekseli. Ukiwa chini, chunguza mahali springi za nyuma zinaposhikana na fremu, kwani nyufa hupenda kuanzia hapo. Tafuta pia alama za kuchomelea na rangi nyeusi mpya iliyopakwa juu ya chuma kikuukuu. Gonga kwa nyundo ndogo kila baada ya hatua fupi. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito na kubanduka magamba. Gari lililofanya kazi pwani likaguliwe kwa ukali zaidi kwa sababu ya chumvi ya bahari.

Msomaji asidhani kwamba jina la Toyota linatosha kumwondolea wasiwasi huu. Nchini Marekani, mwaka 2016, kampuni hiyo ilikubali kukagua na, inapobidi, kubadilisha fremu zenye kutu za Tacoma, Tundra na Sequoia, magari yapatayo milioni 1.5. Hilux haikuwa miongoni mwake, lakini ujenzi ni wa aina ileile: mwili uliokazwa kwa bolti juu ya fremu.

Sasa injini. Za dizeli zilizo nyingi ni mbili, 2KD-FTV ya lita 2.5 na 1KD-FTV ya lita 3.0, na zote zina mkanda wa taimingi ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 150,000. Muuzaji asipokuwa na risiti ya kazi hiyo, gharama yake ipunguzwe kwenye bei. Isuzu D-Max yenye injini ya 4JK1 au 4JJ1 hutumia mnyororo badala ya mkanda, na hiyo ni sifa yake halisi mbele ya Hilux. Udhaifu unaohofiwa zaidi katika 1KD ni sili za shaba zilizo chini ya nozeli: zikivuja, gesi ya mwako huingia kwenye oili, oili hugeuka tope, na chujio la pampu huziba hadi injini ikose ulainisho. Kwa sababu hiyo fika injini ikiwa baridi, uguse boneti kwanza, na ukilikuta gari limeshawashwa, rudi siku nyingine. Likinguruma, fungua kifuniko cha oili; moshi mwingi unaosukumwa nje ni dalili mbaya.

Majaribio yafanyike mlimani. Barabara ya kutoka mjini kupanda Menengai inatosha kuonyesha kama klachi inateleza na kama sindano ya joto inapanda, kisha barabara kuu ya kuelekea Salgaa itaonyesha mtetemo wa usukani kwenye mwendo. Mfumo wa kuvuta magurudumu yote manne, yaani H4 (ya mwendo wa kawaida) na L4 (ya mwendo wa polepole wenye nguvu), ujaribiwe kwenye murramu au udongo, si kwenye lami kavu ambako mfumo huo unaweza kuharibika. Mwombe fundi atoe oili kidogo ya difu, yaani gia zilizo katikati ya ekseli: ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Atakayeishi na matope ya Mau Narok wakati wa masika asikubali kuambiwa kwamba hilo litarekebishwa baadaye.

Viti, redio na rangi ya nje visikuchukulie muda.

Nambari ya chasisi iliyogongwa kwenye fremu, karibu na gurudumu la mbele la kulia, ilinganishwe na ile ya logibuku, yaani hati ya umiliki, na nambari ya injini vivyo hivyo. Tafuta rekodi ya gari katika mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ulio kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uone mmiliki ni nani. Jina la benki au la kampuni ya mikopo likionekana kando ya jina la muuzaji, deni limalizwe na jina hilo liondolewe kwanza. Mwenye gari ndiye huanzisha uhamisho kwa akaunti yake mwenyewe, nawe huukubali kwa akaunti yako, na hakuna sababu ya kukabidhi salio lote kabla ya hatua hiyo kuonekana kwenye simu yako.