WFDB, programu za bure za kubana faili za ECG: miezi minne ya kuitumia, na wimbi P linafika salama

Mimi ni fundi wa vifaa tiba katika hospitali ndogo iliyo kisiwani, Ziwa Victoria. ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, tunapima wenyewe, lakini bingwa wa moyo wa kuzisoma yuko ng'ambo ya maji. Kinachotuunganisha naye ni bando la simu yangu, na mtandao wetu mvua ikinyesha huwa wa kubahatisha.

ECG ya kawaida haina shida. Ni sekunde 10, lidi 12 (pembe 12 za kuutazama umeme wa moyo), sampuli (vipimo) 500 kwa sekunde, baiti mbili kila sampuli: jumla baiti 120,000, sawa na picha ndogo ya simu. Kazi ipo kwenye Holter, kile kirekodi ambacho mgonjwa hukaa nacho saa 24. Kwa lidi tatu na sampuli 250 kwa sekunde, mgonjwa mmoja anatoa karibu MB 130. Pima wagonjwa watatu kwa wiki uone bando linavyoyeyuka.

Kirekodi chetu cha zamani kilikuwa na suluhisho lake: unabonyeza "faili dogo", kinabana chenyewe. Kijitabu chake kilisema 99% ya nguvu ya ishara inabaki. Nikaamini. Siku moja tukampima bibi mmoja ambaye mapigo yake yalikuwa yakirukaruka, nikatuma. Jioni bingwa akanipigia: "Fundi, mbona P sizioni?" Nikafungua faili la asili lililokuwa bado kwenye kadi ya kirekodi. P ni kile kinundu kidogo cha mchoro kinachotokea vyumba vya juu vya moyo vinapoanza kupiga. Zilikuwepo, ndogo lakini safi, moja mbele ya kila pigo. Kwenye faili lililobanwa palikuwa na mstari laini kama umepigwa pasi. Mapigo yasiyo na mpangilio pamoja na P zisizoonekana ndiyo sura ya mpapatiko wa atiria (vile vyumba vya juu vya moyo), na mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda. Bibi hakuwa na ugonjwa huo. Usiku ule sikulala vizuri.

Ile 99% haikuwa uongo, na hapo ndipo pa kuangalia sana. Nguvu ya ishara hupimwa kwa kipeo cha pili cha urefu wa wimbi. QRS, lile wimbi kubwa la pigo, ikiwa na milivolti 1 na P ikiwa na 0.1, P inahesabika mara mia moja chini kwa kila sampuli. Wimbi P zima linaweza kujificha ndani ya ile 1% iliyotupwa. Namba inapendeza, mgonjwa anasomwa vibaya.

Ndipo nikahamia WFDB, programu za bure zinazotolewa na PhysioNet, hifadhi ya mtandaoni ya data za tiba, kazi iliyoasisiwa na George Moody wa chuo cha MIT, Marekani. Tangu toleo la 10.7 inaweza kuhifadhi ishara kwa FLAC, ufundi uleule unaotumika kubana muziki bila kupoteza chochote. Wazo lake ni jepesi. Moyo haurukiruki kati ya sampuli moja na nyingine. Kama namba ni 1012, 1013, 1015, 1014, hakuna haja ya kuziandika zote kwa kirefu. Programu inakisia namba ijayo kutokana na zilizotangulia, halafu inaandika tu ilikosea kwa kiasi gani: moja, mbili, hasi moja. Namba ndogo zinakaa kwenye biti chache. Ukifungua, kila sampuli inarudi ilivyokuwa.

Sikuanza na wagonjwa wetu. Nilichukua rekodi namba 100 kutoka mkusanyiko wa ECG wa MIT-BIH, ambao una rekodi 48 za nusu saa zilizokusanywa Boston miaka ya 1970. Faili lake ni baiti 1,950,000 kamili: sampuli 650,000 kwa kila lidi kati ya mbili, tena tayari zimepakiwa sampuli mbili ndani ya baiti tatu. Kwa FLAC likashuka chini ya MB moja. Nikalifungua, nikapiga hesabu ya tofauti kati ya kila sampuli yake na ile ya asili. Sifuri, sifuri, sifuri, mpaka mwisho. Faili za Holter za kwetu sasa zinatoka chini ya nusu ya ukubwa wa mwanzo. Nakiri, zile za "faili dogo" zilikuwa ndogo zaidi ya hizi. Sizitaki tena.

Kasoro zipo. Hakuna vitufe vya kubonyeza; ni kuandika amri, au mistari michache ya Python. Muuguzi wa zamu huwezi kumwachia hivihivi, nimelazimika kumwandikia hatua kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Kirekodi chako lazima kitoe data ghafi. Chetu kipya kinatoa EDF, aina ya faili la kuhifadhi ishara za mwili, na amri ya edf2mit inaipokea. Kikitoa PDF peke yake, hapa hupati msaada. Na anayepokea awe na toleo jipya pia, la sivyo faili halifunguki. Wiki ya kwanza bingwa wangu alihangaika na hilo siku mbili nzima.

Kwa ECG ya lidi 12 kuna akiba nyingine ambayo wengi wanaisahau. Lidi III ni II ukitoa I, kanuni ya Einthoven, Mholanzi mwanzilishi wa ECG, na aVR, aVL na aVF, lidi nyingine tatu, nazo hukokotolewa kutoka I na II. Tuma nane, nne zitengenezwe huko zinakofika. Einthoven mwenyewe mwaka 1905 alikuwa akipokea ECG za wagonjwa wa hospitali ya Leiden, Uholanzi, hadi maabara yake kwa waya wa simu, umbali wa kilomita moja na nusu. Kazi yetu ni ileile, maji tu ndiyo yameongezeka.

Jambo moja sikulitarajia. Kelele haikisiki, kwa hiyo haibaniki. Nikiona faili la mgonjwa limetoka nene kuliko ya wenzake, najua elektrodi imelegea kwa jasho au misuli ilikuwa inatetemeka. Likitoka jembamba kupita kiasi, waya wa lidi umechomoka na tumerekodi mstari mtupu. Siku hizi naangalia ukubwa wa faili kabla mgonjwa hajapanda boti kurudi kwao.