KV-1 ya Tamiya kwenye theluji: uzoefu wangu na boksi, chokaa na poda

Niseme mapema ili asiye na muda aende zake: boksi la vipande vya plastiki la Tamiya, kiwanda cha Kijapani cha modeli, la kujengea KV-1, kifaru kizito cha Kisovieti cha Vita vya Pili vya Dunia, kwa kipimo cha 1/35, ni zuri, linunue. Jasho lenyewe linaanza kifaru kikishaunganishwa. Kifaru cha majira ya baridi unakipaka nyeupe dakika chache tu, kisha unakaa jioni nzima ukiiondoa hiyo nyeupe, na kilichonisaidia zaidi katika kuiondoa ni spreyi ya nywele ya bei ya chini kabisa kutoka duka la vyakula.

Boksi ninalozungumzia ni namba 35372, KV-1 ya mwaka 1941 ya matoleo ya mwanzo. Usilichanganye na lile la zamani la miaka ya 1970 lenye minyororo ya mpira laini, ambalo bado linazunguka madukani na mitandaoni kwa bei ya kuvutia. Hili jipya lina minyororo ya plastiki ngumu, baadhi vipande virefu vilivyonyooka, baadhi pingili moja moja za kuzungushia magurudumu ya mbele na nyuma. Kwangu hiyo pekee inatosha kulipia tofauti ya bei, kwa sababu mnyororo wa KV ni mzito na unalegea juu ya vile vigurudumu vidogo vya kuubeba. Ukikaa umekazwa kama mkanda, jicho linakataa hata kama mtazamaji hajui kwa nini. Vipande vinaingia mahali pake vyenyewe, gundi nyepesi ya Tamiya yenye kifuniko cha kijani unaigusisha tu kwenye mwanya nayo inakimbia ndani. Sina la kuongeza kuhusu kuunganisha. Hata mtu anayejenga kifaru chake cha pili au cha tatu atakimaliza bila kugombana na mtu nyumbani.

Sasa theluji. Mimi naishi Ufini, na Makumbusho ya vifaru ya Parola, karibu na Hämeenlinna, yana KV halisi, kwa kuwa Wafini waliziteka chache kutoka kwa Wasovieti wakazitumia wenyewe. Nenda ukasimame kando yake kabla hujashika brashi. Chuma cha tani 45 hivi, na watu watano ndani. Angalia mtu angepandia wapi: anakanyaga mnyororo, anashika ukingo wa bodi, anaegemea mnara, anateleza miguu kwenye kifuniko cha dereva. Hizo ndizo sehemu ambazo nyeupe itatoka kwanza. Huhitaji kitabu.

Ile nyeupe yenyewe mara nyingi ilikuwa chokaa au chaki iliyokorogwa na maji, ikapakwa na wahudumu wa kifaru kwa brashi pana au kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mti, tena haraka haraka, katika ile baridi ya 1941 na 1942 Wasovieti walipokuwa wakijibu mashambulizi mbele ya Moscow. Tena ilikusudiwa itoke. Masika yakifika, kifaru cheupe kwenye msitu wa kijani ni shabaha tu. Aliyekulia kwenye nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa anajua inavyochakaa: chini inaoshwa na matone ya mvua, pembeni inatoka kwa mabega ya watu, na kwenye kona iliyojificha inabaki nene vilevile ilivyopakwa. Nilipoanza kukifikiria kifaru hivyo, picha nyingi za modeli nilizokuwa nikizihusudu zikaanza kuonekana kwangu za kubuni, na mikwaruzo yake iliyosambazwa kila mahali kwa usawa.

Utaratibu wangu ni huu. Kijani cha Kisovieti kwanza, kikauke vizuri, kisha vanishi ya kung'aa kidogo ili kukilinda. Juu yake spreyi ya nywele, tabaka mbili nyepesi. Halafu nyeupe: natumia XF-2 ya Tamiya, nyeupe isiyong'aa, lakini natia tone la rangi ya mchanga, maana nyeupe tupu kwenye kitu kidogo namna hii inaonekana kama friji. Naichanganya na maji badala ya thina, ili isishike sana. Nikishapuliza nasubiri kama nusu saa, nalowesha sehemu ndogo kwa maji ya vuguvugu, nasugua kwa brashi ngumu iliyokatwa fupi. Maji yanapenya, spreyi iliyo chini inayeyuka, nyeupe inabanduka kwa vipande. Usilale nayo hadi kesho, itakuwa imekaza na utabaki kukwaruza hadi kwenye kijani. Mwisho rangi ya mafuta, kahawia na kijivu, iliyolegezwa sana kwa tapentaini, inavutwa chini kwenye kuta za mnara ili kutengeneza michirizi. Fungua dirisha, tafadhali, na uvae barakoa unapopuliza.

Zipo rangi maalumu za chupa za kuigiza chokaa inayotoka kwa maji, nimetumia za viwanda viwili. Zinafanya kazi. Ila hazijafanya chochote ambacho spreyi ya nywele haikufanya, na chupa ni ndogo.

Kwa ardhi nilinunua rangi nzito ya Tamiya ya kuigizia theluji, ile nyeupe ya mililita 100. Inasafishwa kwa maji, ina chembechembe ndani, unaipaka kwa kijiko bapa. Kwa theluji iliyokanyagwa, iliyoganda njiani baada ya kupitiwa na minyororo, sijaona bora yake kwa bei hiyo. Naipaka, naacha ianze kukauka, nakandamiza kwa kipande cha mnyororo kilichobaki, na alama zinakaa. Kwa theluji iliyoanguka usiku na bado haijaguswa, nanyunyiza poda laini ya kioo juu ya gundi nyeupe ya mbao iliyotiwa maji. Hiyo poda usiivute puani hata kidogo. Kulikuwa na poda nyingine, ya kiwanda ambacho sitakitaja, iliyoahidi weupe wa kudumu kisha ikageuka rangi ya meno ya mvutaji. Magadi soda ya jikoni nayo, ambayo wengi wanaipendekeza kwa kuwa ni rahisi, ina sifa hiyohiyo ya kubadilika rangi na kuingiliana na rangi za chini. Acha kwa mandazi.

Kina cha theluji ndicho kinachowashinda wengi. Kwa 1/35, sentimita moja ya theluji kwenye ubao ni sentimita 35 za kweli. Ukimwaga sentimita tatu umefika mita moja na zaidi, na hapo askari wako wote wangekuwa wamezama hadi kiunoni. Tena KV ina minyororo yenye upana wa sentimita 70, ilitengenezwa kuelea juu ya ardhi laini kuliko vifaru vya Kijerumani vya wakati huo, ambavyo baadaye ilibidi viongezewe vipanuzi vya minyororo. Usikizamishe hadi tumboni kwa sababu tu inapendeza.

Na matope. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Nje ya dirisha langu Januari, nyuzi 15 chini ya sifuri, hakuna tope popote. Ardhi ni jiwe. Kinachonata kwenye magurudumu ni theluji iliyoshindiliwa, nyeupe na kijivu, na barafu pale joto la injini lilipoiyeyusha ikaganda tena. Tope la kahawia linalong'aa ni la Novemba, au la Machi na Aprili. Chagua mwezi kwanza, kisha ndipo ufungue chupa. Kwa mwezi wangu wa Januari, kiboksi cha Weathering Master B cha Tamiya, rangi za kupakaza za kuchakaza modeli, chenye theluji, masizi na kutu, kilinitosha: theluji kwenye pingili na kingo za chini, masizi nyuma kwenye mabomba mawili ya moshi. Ile ya kutu sikuigusa sana, kifaru cha miezi michache hakiozi hivyo. Juu ya kifuniko cha injini sikuweka theluji kabisa, kwa sababu injini ya dizeli ya silinda 12 ikiwaka hapo chini, theluji haibaki.

Kitu ambacho hakimo kwenye boksi lolote na utakihitaji ni kasha la plastiki angavu la kufunikia. Vumbi kwenye kifaru cha jangwani ni sehemu ya kazi; kwenye theluji linaonekana baada ya wiki chache, na ile poda haipanguswi. Pima ubao wako kabla hujaanza. Kifaru kina urefu wa sentimita 19 hivi, na makasha ya dukani yana vipimo vyake, hayatakusubiri wewe.