Uzoefu wangu wa kushea mafaili home: wiki mbili nailaumu Windows kumbe haihusiki

Nina deskitopu ya Windows 10 iko chumbani, humo ndo nahifadhi video zote za harusi na sendoff ninazoshuti, na mdogo wangu anaediti kwenye laptopu ya Windows 11 Pro akiwa sebuleni maana ndo kuna feni inayoeleweka. Miaka yote tumeishi kwa flashi ya GB 32, mmoja anachomoa mwingine anachomeka. Sasa siku moja nina faili moja la ukumbini lina GB 6, flashi iko tupu kabisa, nakopi inaniambia faili ni kubwa mno. Nikashangaa, GB 32 inashindwaje kubeba GB 6? Kumbe flashi imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na hiyo haipokei faili moja linalozidi GB 4 hata nafasi iwe ya kumwaga. Ningeifomati exFAT yangeisha hapo hapo, ila nilishachoka na zile safari za chumbani sebuleni, nikasema kompyuta ziko nyumba moja, intaneti moja, zishee zenyewe.

Kushea folda kwenye Windows ni bure, imo humo humo, hununui kitu. Unabofya folda kwa kulia, propatizi, shea, unachagua nani aione, basi. Mimi nilifanya hivyo dakika tano nikamwambia dogo haya fungua. Akafungua, kompyuta yangu haipo kwenye orodha. Akaandika jina lake kwa mkono, ikaja eraa 0x80070035, yaani njia ya mtandao haijaonekana. Aisee hiyo namba nimeshaikariri kuliko namba ya NIDA.

Cha kwanza nilichokuta ni kwamba Windows ilikuwa imeuweka mtandao wangu kama wa pabliki, wa mgahawani huko, na ukiwa pabliki kompyuta inajificha wengine wasiione. Nikabadilisha kuwa praiveti kwenye mashine zote mbili, nikawasha kuonekana kwenye mtandao na kushea mafaili. Hii ni lazima ufanye, ila kwangu bado eraa ikawa ile ile.

Nikaingia YouTube. Video ya kwanza jamaa anasema tengeneza HomeGroup, yaani kikundi cha Windows cha kushea mafaili nyumbani, nimeitafuta saa nzima kwenye setingi nahisi mimi ndo kipofu, kumbe Microsoft waliiondoa tangu 2018 na video yenyewe ni ya enzi za Windows 7. Nikampigia fundi mmoja wa mtaani, akaja, akasema "bosi hii inataka SMB1 tu", yaani toleo la kwanza la ile lugha ambayo Windows zinashea nayo mafaili, akaiwasha, tukarestati, hola, akachukua elfu kumi yake akaondoka. Nilipokuja kusoma vizuri nikakuta SMB1 ndo lile lango alilopitia kirusi WannaCry Mei 2017, akafunga mafaili ya watu dunia nzima anataka hela, na Windows 10 mpya baada ya hapo zikawa zinakuja bila hiyo kitu. Nikaizima usiku ule ule. Kama kompyuta zako zote ni Windows 10 au 11 huihitaji kabisa, zinaongea kwa SMB ya juu zaidi, SMB1 ni ya vifaa vizee.

Wiki ya kwanza ikaisha hivyo, nazima faiawoli (ule ukuta wa ulinzi wa Windows), nawasha faiawoli, natukana Windows.

Aliyenifungua macho ni dogo mwenyewe, tena bila kujua. Ana programu inaitwa LocalSend, ya bure, anarushia picha kutoka kwenye simu kwenda laptopu bila kula bando kwa sababu inapita ndani ya waifai tu. Akasema ngoja nikurushie kwa hii, tukaiweka na kwenye deskitopu. Simu na laptopu zinaonana fresh, deskitopu haipo. Hapo ndo nikashtuka, maana LocalSend haihusiani kabisa na shea ya Windows, sasa kama na yenyewe haiioni deskitopu basi kosa liko chini zaidi, kwenye mtandao wenyewe.

Nikafungua ile skrini nyeusi ya amri nikaandika ipconfig kwenye kila mashine, amri inayoonyesha namba ya mashine kwenye mtandao. Laptopu inasoma 192.168.1 nukta kitu, deskitopu inasoma 192.168.0 nukta kitu, yaani ziko kwenye mitandao miwili tofauti. Nikapingi, yaani kubisha hodi kuona kama inajibu, kutoka deskitopu kwenda laptopu, inajibu! Laptopu kwenda deskitopu, kimya. Nimekaa naangalia kama mtu aliyeona jini, inakuwaje huyu anamwona mwenzake na mwenzake hamwoni?

Jibu ni ruta. Ruta ya sebuleni ni ya kampuni ya intaneti, na signo yake haifiki chumbani, ndo maana mwaka jana nikanunua ruta yuzidi Kariakoo nikavuta kebo kutoka ile kubwa. Intaneti ikafika, nikasahau. Kumbe ile ya pili haikuwa inaongeza mtandao, ilikuwa imefungua mtandao wake wa pili ndani ya ule wa kwanza, inagawa namba zake yenyewe. Ni kama nyumba yenye geti ndani ya geti: wa ndani anatoka anavyotaka, wa nje akibisha hodi hafunguliwi. Kwa kutumia intaneti tu huwezi kugundua kitu maana YouTube inacheza pande zote mbili.

Dawa yake ilichukua robo saa. Niliingia kwenye setingi za ruta ya chumbani, nikaipa namba 192.168.1.2 isigongane na ile kubwa, nikazima DHCP, yaani ile kazi ya kugawa namba, halafu nikachomoa kebo kwenye tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti, nikaichomeka kwenye moja ya yale matundu ya LAN, ya kuunganishia vifaa vya ndani. Fuata mpangilio huo huo, ukizima DHCP kabla ya kubadilisha namba unaweza kupata tabu kuingia tena. Ruta yako kama ina setingi ya kutenga vifaa visionane, au umeunganisha mashine moja kwenye waifai ya wageni, matokeo yatafanana na yangu, angalia na hapo.

Haya, sasa laptopu inaiona deskitopu, inaomba jina na paswedi. Naweka ile PIN ninayofungulia kompyuta kila siku, imekataa. Naweka tena, imekataa. PIN inafanya kazi ukiwa umekaa mbele ya mashine hiyo hiyo tu, kwa mtandao inataka paswedi kamili ya akaunti, na yangu nilishaisahau toka nimeiweka. Nikatengeneza yuza mwingine kwenye deskitopu kwa kazi hiyo tu, na paswedi yake. Watu wengi wanashauri uzime paswedi kabisa kila mtu aingie kama mgeni, ila Windows 11 Pro toka toleo la 24H2 inamkataa mgeni, kwa hiyo utarudi kwenye eraa nyingine. Weka paswedi tu.

Spidi sasa. Kwa waifai ya 2.4 GHz napata kama MB 4 kwa sekunde, lile faili la GB 6 lilichukua dakika 25. Tukachomeka laptopu kwa kebo ikapanda mpaka MB 11, dakika 9 hivi, na haitapanda zaidi maana matundu ya ruta ya chumbani ni ya megabiti 100 kwa sekunde, ambazo ni kama MB 12 tu. Dogo anaediti kupitia kebo bila kukopi, video za HD zinaenda vizuri, za 4K zinakwamakwama.

Umeme ukikatika deskitopu ilikuwa inaamka na namba nyingine, nimeitengea 192.168.1.50 kwenye ruta kubwa, dogo anaandika \\192.168.1.50 anaingia moja kwa moja. Pia zimeni slipu, mara ya kwanza kompyuta ililala katikati ya kukopi.

Shea ya Windows naipa nyota 4, moja nimekata kwa ile eraa isiyosema tatizo liko wapi. LocalSend 5 kwa mambo ya simu. Ruta ya Kariakoo sina ugomvi nayo, muuzaji aliniuliza "unataka nikusetie?" nikamwambia najua.