Tahadhari kwa wenye vyombo: polipropilini inauzwa kwa jina la nailoni

Ninawatahadharisha wenye mashua na boti za uvuvi wa Tanga na Pangani kuhusu muuzaji mmoja wa vifaa vya baharini, ambaye simtaji jina, anayeuza kamba za polipropilini, plastiki nyepesi inayoelea, kwa jina na kwa bei ya nailoni. Mwezi uliopita alinionyesha juu ya kaunta kipande cha mfano kilichokuwa nailoni halisi, laini na kizito, kisha akanikabidhi bando la mita 200, unene wa milimita 16, lililofungwa ndani ya mfuko, nami kwa haraka ya kuwahi maji nikalipakia bila kulifungua. Hilo ni kosa langu.

Kamba hiyo tuliifanya amari, yaani kamba ya kushikia nanga. Usiku wa kwanza, tukiwa nje ya mlango wa mto Pangani, maji yaliposimama amari ililegea, na badala ya kuzama ikapanda juu ikatanda mbele ya omo, kichwa cha chombo. Boti ya mashine iliyokuwa ikipita ikaizoa kwa propela na kuikata. Tulizinduka maji yameanza kupwa na mashua inachukuliwa.

Nilipomrudia, muuzaji alinijibu kwamba huku pwani kila kamba ya plastiki ni nailoni. Hila yake imejificha hapo hapo, kwa kuwa ni kweli sisi wenyewe tumezoea kuziita hivyo, ilhali tofauti zake si ndogo. Nailoni ni nzito kuliko maji, hivyo huzama, na hunyumbuka sana, jambo linalopunguza mshtuko mawimbi yanapoivuta nanga, ingawa ikilowa hupungukiwa nguvu kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 15. Polipropilini huelea, huchakazwa upesi na jua isipotiwa dawa ya kulikinga, na kwa unene uleule nguvu yake ni kama theluthi mbili tu ya ile ya nailoni. Sisemi kwamba ni kamba mbaya. Kwa maboya, kwa kamba ya juu ya jarife (wavu mkubwa wa kuvulia) na kwa kumrushia mtu aliyeanguka majini, kuelea kwake ndiko kunakotakiwa.

Kwa hiyo fungueni bando hapo hapo dukani. Kateni kipande cha shubiri moja kutoka ndani, wala si kutoka kwenye mfano, kifumueni, kisha mkikamue ndani ya ndoo ya maji hadi hewa yote itoke: kikirudi juu, si nailoni. Kikizama bado huenda kikawa poliesta, ambayo ni nzito zaidi, hustahimili jua vizuri, lakini hainyumbuki sana. Unyuzi wa polipropilini ukichomwa hutoa harufu ya mshumaa. Mwenye mizani aitumie, kwani mita 100 za nailoni ya milimita 16 zina takribani kilo 16, na za polipropilini hazifiki kilo 12. Risiti nayo iandikwe aina ya kamba, si neno "kamba" peke yake kama yangu, maana ndiyo iliyomfanya akatae kunirudishia fedha.

Bando lililosalia nimelikata kamba za maboya. Nanga bado iko Pangani.