Datsun 240Z yenye motere ya Toyota inauzwa Lubumbashi: tuilipe bei hii?

Nyamazeni kidogo. Sikilizeni.

Mmesikia? Mara moja tu! Sikukanyaga mafuta, sikuvuta choki, sikuomba Mungu. Gari ya 1972 inawaka kama Noah iliyoshuka melini juzi. Hilo ndilo linalonifurahisha na ndilo linaloniudhi, hata sijui nianzie wapi.

Banabetu, jambo sana, karibuni tena. Leo tuko Lubumbashi, upande wa barabara ya Kipushi, uani kwa papa mmoja, yaani mzee wetu, ambaye hataki sura yake ionekane. Mkiona mkono unapita na spana namba 12, ndiye yeye. Na wale wanaouliza video ya Jumapili ilipotelea wapi: umeme ulikatika nikiwa nimebakiza kidogo sana kumaliza kuipakia. Ikaanza upya. Ukakatika tena. Sasa napakia saa tisa za usiku, wakati mtaa wote umelala. Haya.

Hii ni Datsun 240Z. Urefu, upana, tairi inchi ngapi, hayo yamejaa kila mahali, sitawalia megabaiti zenu kwa ajili yake. Ila moja lazima niliseme, maana vijana wengi wakisikia Datsun wanafikiria pikapu ya kubebea makala ya kupikia. Gari hii ilishinda Safari Rally ya 1971, na Edgar Herrmann na Hans Schüller, kupitia Kenya, Uganda na Tanzania, matope mpaka kwenye kioo. Ndiyo, 1971, mwaka uleule nchi yetu ilipobadilishwa jina ikawa Zaire. Ikarudi 1973 ikashinda tena, safari hii na Shekhar Mehta, mwana wa Uganda, ambaye mwishowe alilichukua taji hilo mara tano. Kwa hiyo mtu asiniambie hii ni gari ya mapambo. Imekula vumbi la Afrika kabla baba yangu hajavaa suruali ndefu.

Sasa nafungua boneti. Wazee wa Datsun, fumbeni macho.

Toyota! 1JZ-GE, lita mbili na nusu, ile ya VVT-i, inayojipangia muda wa valvu, iliyoanza kutoka 1996, imeng'olewa kwenye Mark II iliyogongwa nyuma. Toyota ndani ya Datsun, banabetu. Ni kama kumkuta mchezaji wa Mazembe katikati ya uwanja amevaa jezi ya wapinzani wao Lupopo, na anafunga magoli.

Niseme ukweli. Nilikuja hapa na kichwa cha video kiko tayari: "Wameiua Datsun." Nilikuwa nimeshapanga hata uso wa hasira wa kuweka kwenye picha ya mbele. Kisha papa akanikalisha kwenye kigoda akaniuliza swali: wewe umewahi kuamka mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya hapa Lubumbashi inauma masikio, unawasha motere yenye kabureta mbili? Nikanyamaza. Motere ya asili, ile L24 ya lita 2.4, inapumua kwa kabureta mbili, na kabureta haina akili ya kujua iko wapi. Sisi tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi. Kabureta iliyopangwa kule chini pwani ukiileta hapa inaendelea kumwaga esansi, yaani petroli, ileile kwa hewa iliyopungua, plagi zinakuwa nyeusi kama sufuria ya bukari, moshi nyuma, nguvu hakuna. Unaweza kuirekebisha, ndiyo, jeti ndogo za kupitishia mafuta, mtu mwenye sikio zuri. Mwenye sikio hilo, anasema papa, alizikwa zamani. Hii ya Toyota ina kompyuta. Inapima hewa inayoingia, inatoa mafuta yanayolingana, kazi imeisha.

Najua mtaandika: mbona hakuweka motere ya RB ya Skyline, angalau ibaki ndani ya ukoo wa Nissan, wenye jina la Datsun? Nilimuuliza hivyohivyo. Jibu lake nalileta kama alivyolisema: "Piese ya RB utaiuzia wapi, pa Kenya?" Kwa mlio mbali, piese ni vipuri, kuuza kwetu ni kununua, na Kenya anayoisema ni komine yetu ya hapa mjini yenye soko, si nchi. Na kweli, ukitaka pampu ya maji ya 1JZ unapiga simu mbili. Ya RB unapiga simu Dubai.

Halafu nikanuna tena, kwa sababu haina turbo. GE, si GTE. Nikasema papa, umeenda mpaka mtoni, mbona hujanywa maji? Hilo tutalirudia.

Njooni karibu. Kamera, shuka, shuka, hapo. Hiki ni kikombe cha plastiki. Ndani ni munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, mama wa hapa nyumbani ametupatia sasa hivi, mama, aksanti sana. Nimekijaza, nimebakiza vidole viwili. Nakiweka juu ya kifuniko cha motere, hapa penye bapa. Motere iko katika mngurumo wa chini, mizunguko kama 700 kwa dakika. Nasema "kama" kwa sababu kipimo chake... tutakifikia. Msitazame kikombe, tazameni uso wa munkoyo.

Mnaona viduara vile vidogo katikati? Basi. Hakuna kingine. Kikombe hakijatembea hata unene wa kucha.

Nawaacha mtazame, sisemi.

Bado. Sasa nimesimama hapa dakika nzima na nzi ndiye anayetikisa munkoyo kuliko motere. Sababu ni hii: silinda sita zimepangwa mstari mmoja. Ya kwanza na ya sita zinapanda pamoja, ya pili na ya tano, ya tatu na ya nne, na kila mtikisiko unakutana na mwenzake wa kuufuta. Silinda nne hazijaliwi hivyo. Ili msiseme ninabahatisha, tumemwomba jirani alete taksi yake, IST. Kikombe kilekile, munkoyo uleule. Haya, washa, yaya, kaka yetu.

Kinatembea! Kinatembea chenyewe kama kina miguu, kinaelekea ukingoni, kamata! Sawa. Nisimdhulumu yaya, maunti, vile vishikizo vya injini yake, zimechoka na gari inatafuta chakula cha watoto tangu alfajiri. Lakini mmeona.

Na hapa ndipo hasira yangu ilianza kupoa, kwa sababu L24 ya zamani nayo ilikuwa sita kwa mstari mmoja. Papa hakuweka V8 ya Marekani kama wanavyofanya wengine. Ameng'oa sita akaweka sita. Gari inalia tofauti, lakini inatembea kwa mwendo wa damu yake.

Turudi kwa yetu. Feni ya umeme imewaka, tazameni, uso umekunjamana kidogo. Sasa navuta waya wa mafuta kwa mkono. 2,000. Bado kimesimama. 3,000... kimeanza kuteleza...

"Mutoto! Usimwange munkoyo pa motere yangu!"

Mkono mmeuona. Amekichukua na amekinywa. Jaribio limeisha kwa amri ya mwenye mali.

Tuliitoa barabarani. Nifupishe, maana barabara ya Kipushi ina mashimo na kamera ilikuwa inaruka. Gari ina tani moja na kidogo. Datsun ya Marekani ilitangazwa na nguvu za farasi 151, kwa kile kipimo cha zamani ambacho motere ilipimwa nje ya gari, imevuliwa mizigo yake. Toyota aliiandikia hii farasi 200. Gia ya tatu ukikanyaga, kichwa kinarudi nyuma, mdomo unafunguka wenyewe. Ndipo nikaelewa habari ya turbo. Ukiongeza farasi 80 nyingine humu, na esansi tunazouziwa kwenye vidumu, utakuwa unanunua pistoni kila krismasi. Nafuta nilichosema. GE inatosha. Nilichonunia nimekikubali.

Usukani uko kulia, sisi tunaendesha upande wa kulia. Kulipita lori la shaba kwenye barabara ya Likasi unamtegemea abiria akuchungulie. Kwa hiyo chagua abiria vizuri, asiwe mtu mwenye deni lako.

Sasa breki. Hapa papa, samahani, nitasema mbele yako.

Nyuma bado kuna dramu. Dramu za 1972! Mbele diski, sawa, ilikuja nazo kiwandani. Lakini umeongeza nguvu, umeacha mguu wa kusimamia. Nilikanyaga kabla ya tuta, ikasimama, nilikanyaga mara ya tatu, ya nne, pedali ikaanza kushuka laini kama inasinzia. Mnunuzi atakayechukua gari hii aanzie hapo, kabla ya redio, kabla ya rangi, kabla ya kuipeleka kupigwa picha za harusi. Diski nyuma, kaliper kubwa mbele, hata zikitoka kwenye gari nyingine. Difu nayo, ile gia ya kugawia nguvu magurudumu ya nyuma, ni ndogo ya asili. Itavumilia mtu mzima. Mtoto wa bosi mwenye kuchoma tairi kila Jumamosi ataimaliza.

Na dashibodi. Vipimo vyote vya Datsun vimebaki, vizuri mno, vile viduara vitatu katikati, lakini mshale wa mizunguko umelala na wa mwendo umelala. Motere mpya inazungumza lugha nyingine na hakuna aliyeletwa kutafsiri. Vifaa vya kutafsiri vipo, vinauzwa. Polisi wa rulaji, wa barabarani, akikuuliza ulikuwa unaenda kilomita ngapi, unamjibu kwa imani.

Waya je? Mtu akikuuzia gari iliyobadilishwa motere, usianze kwenye rangi, piga magoti utazame waya. Hapa nimepekua. Zimefungwa, zimepita mbali na ekzozi, fyuzi zimeandikwa kwa kalamu moja moja. Kuna chaneli nyingine hapa mjini, sitaitaja, inasifia magari kwa kutazama picha za mwuzaji. Mimi magoti yangu haya, tazameni, ni mekundu.

Kutu: chini ya betri kuna kiraka kimoja cha kuchomelea, safi. Sakafu ngumu. Namba ya chasi imegongwa ukutani nyuma ya motere na inaanza na HS30, ndivyo 240Z za usukani wa kulia zilivyoandikwa. Mkiona HLS30 kwenye gari ya usukani wa kulia, ulizeni maswali. Karte roze, kadi ya gari, ipo, namba zinalingana. Mkanda wa taimingi umebadilishwa, risiti nimeishika. Kumbukeni L24 ilikuwa na mnyororo. Hii ina mkanda, na Toyota anataka ubadilishwe kila kilomita 100,000. Ukikatika, usimtukane papa.

Bei. Anataka dola 26,000.

Najua, najua. Ilipoanza kuuzwa Marekani bei yake ilikuwa dola 3,526, lakini wakati huo mimi sikuwapo na wewe hukuwapo. Tatizo langu si ukubwa wa bei, ni nani atailipa. Mkusanyaji wa kule Ulaya au Japani anataka motere iliyozaliwa na gari. Akiona Toyota anafunga simu. Anayetaka kuendesha, hapa mjini, kwenda nayo Likasi na kurudi bila kuita fundi, huyo inamfaa kuliko ya asili, lakini huyo naye kwa 26,000 anaanza kufikiria Prado. Papa amesimama katikati ya soko mbili. Mimi ningesema 19,000. Na breki zile, 18.

Ndipo papa akasema kitu ambacho alipaswa kukisema tangu asubuhi, kabla sijachuna magoti: motere ya asili hakuiuza. Iko nyuma ya banda, na kabureta zake mbili, na giaboksi.

Papa! Hilo si jambo la kusemea mlangoni! Motere hiyo ikienda pamoja na gari, mnunuzi ananunua gari mbili. Leo anaendesha, kesho mwanawe akitaka kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, kila kitu kipo. Maunti za Toyota zimefungwa kwa bolti, nimezitazama, chasi haijakatwa. Hapo mimi mwenyewe napanda, 23,000, bila aibu.

Twende tuione. Kamera, angalia kuku. Turubai, haya, gunia, gunia jingine... L24, hii hapa, namba yake ile ile iliyo kwenye karatasi. Kabureta zimefungwa na kitambaa, mtu mwenye adabu. Papa, nipe ufunguo mkubwa nizungushe kwa mkono, kwa sababu motere iliyolala bila kuzungushwa inaweza kuwa jiwe.

Inazunguka... inazunguka... robo... nusu...

Imegoma.

"Ongeza mafuta kidogo, itatoka tu ile."

Papa, punguza elfu moja.