Karamu au mkataba wa shamba: kipi kilileta kura Ireland?

Je, mabwana wa ardhi walivuna kura kwa kuwakirimu wapiga kura, au kwa kuwapa mikataba ya mashamba? Ubishi huu hurudi kila zinapotajwa familia za mabwanyenye wa Ireland kabla ya 1829.

Tuanze na gharama. Kura za kaunti zilipigwa mjini, kwa siku kadhaa, hivyo mgombea alibeba usafiri, malazi, chakula na pombe ya watu wake. Bili za vilabu hazikujali nani kashinda. Mkataba ulionekana wa bure: mpangaji alipewa ardhi kwa muda wa uhai wa watu waliotajwa humo, ikimbakizia shilingi 40 kwa mwaka baada ya kodi, akasajiliwa, akapiga kura. Hasara ilijificha shambani, kwani ardhi ilikatwakatwa ili kuzalisha wapiga kura, na vipande vile vidogo havikulipa.

Kwa uhakika, mkataba ulitangulia. Kura ilitamkwa hadharani, wakala wa bwana akisikia. Lakini ulipokatika, ulikatika vibaya. Katika kaunti ya Waterford 1826, akina Beresford, familia ya mabwanyenye, waliachwa na wapangaji wao wenyewe. Kaunti ya Clare 1828, Daniel O'Connell, kiongozi wa Wakatoliki, alipata kura 2,057 dhidi ya 982 za mpinzani wake Vesey Fitzgerald, na wafuasi wa O'Connell walikuwa wameapa kutogusa wiski. Mwaka uliofuata kiwango cha kupiga kura kikapandishwa kutoka shilingi 40 (pauni 2) hadi pauni 10.

Matunzo? Karamu ilidai mlango wazi hata miaka isiyo na uchaguzi.

Mwenye wapangaji wengi alitegemea mkataba. Aliyehitaji kura za wenye ardhi asiowadai kitu, au aliyekabiliana na familia ya nguvu sawa, hakukwepa kuandaa meza. Kura ya siri ya 1872 ilimziba wakala masikio.